Mashine ya presha inayoongea, na mamangu anayeijibu

Nimekaa na hii mashine miezi minne sasa kwa hio naona naweza kuiongelea bila kuidhulumu. Ni ile ya kufunga mkononi juu ya kiwiko, betri nne, skrini kubwa, boksi jeupe, imetoka China. Jina lake silitaji kwa sababu alieniuzia tunaswali msikiti mmoja na Lamu hii ukikohoa Langoni, Mkomani washakwambia pole. Nililipa elfu tatu mia tano. Naipa nyota tatu na nusu, na hio nusu ni ya mamangu sio ya kampuni.

Kilichonifanya ninunue ni hivi. Mama ana miaka 71, presha anayo zamani, anameza vidonge viwili, kimoja cha kulegeza mishipa na kimoja cha kukojosha. Kliniki anayokwenda kila mwezi namba yake ni mia na sabini na kitu, na kila ikiwa hivyo daktari anamtazama kama mwizi wa chumvi. Mwezi mmoja nikampeleka mwenyewe. Tumetembea juani, tumepanda ngazi, mama hajakaa vizuri kashaitwa, kawekwa kwenye stuli haina pa kuegemea na miguu inaning'inia, mkanda umefungwa juu ya mkono wa buibui, na wakati upepo unajaa mama anaulizwa harusi ya binti wa jirani itakua lini, na mama akiulizwa habari ya harusi hajibu kwa neno moja. 176 kwa 92. Simlaumu yule nesi, foleni ilikua imefika nje. Lakini nilitoka pale nikijua ile namba nusu yake ni ngazi na harusi.

Basi nikanunua mashine.

Siku ya kwanza kichekesho. Mashine inaongea. Inaongea kiingereza cha wale wanawake wa kwenye ndege, inakwambia utulie, alaf inakusomea matokeo yako kwa sauti nyumba nzima isikie. Mama kakaa kwenye kiti, mkono mezani, mashine ikaanza kumsemesha. "Yanena nini hiyo?" Nikamwambia mama yakwambia utulie. "Nimetulia! Iambie nimetulia, na iniulize hali kwanda!" Hapo mkanda unakaza na yeye anazidi kuilaumu adabu yake, ikatoka 169. Nikazima sauti (kuna kitufe kwa nyuma, kidogo mpaka utumie ncha ya kalamu), nikamwacha dakika tano kimya, miguu chini, mgongo umeegemea, mkono usawa wa moyo, hakuna stori. 151. Mtu yule yule, dakika kumi hazijafika.

Wengi hapo ndio wanarudisha mashine dukani. Wanasema mbovu, kila ukipima namba nyengine. Na mimi nilikaribia kusema hivyo. Lakini mi nafundisha bayolojia sekondari, hii habari ya mwili kujirekebisha nimeiandika ubaoni sijui mara ngapi, nachora moyo, nachora ubongo, napiga mishale, wanafunzi wanakopi, kengele inalia, basi. Kumbe nilikua naichora tu. Nilikua sijaiona mpaka ilipotokea kwenye mkono wa mamangu.

Iko hivi. Shingoni chini ya taya, pale mshipa mkubwa unapogawanyika mara mbili, na tena pale mshipa mkuu unapotoka moyoni ukapinda, kuna vihisi ndani ya ukuta wa mshipa. Damu ikisukuma kwa nguvu ukuta unatanuka, vihisi vinavutika, neva zinapeleka habari kwenye medula, kile kipande cha chini kabisa cha ubongo kinachoungana na uti wa mgongo. Habari ikifika pale inamwagwa kemikali inaitwa glutameti, kazi yake kuamsha. Sasa utamu uko hapa, zile seli zinazoamshwa zinakwenda kuamsha nyengine ambazo zenyewe zinatoa kemikali nyengine inaitwa gaba, na gaba kazi yake ni kunyamazisha, na wanaonyamazishwa ni zile seli ambazo usiku na mchana zinapiga kelele mishipa ikaze moyo upige. Zikinyamaza mishipa inalegea. Na upande mwengine neva ya vagasi, ile inayotoka ubongoni mpaka moyoni, inamwaga kemikali ya asetilikolini kwenye moyo, mwendo unapungua, na hio ya moyo ni ya haraka ajabu, pigo moja au mawili ushaiona. Presha ikishuka mambo yanageuka, vihisi vinalegea, habari inapungua, breki inaachiwa, noradrenalini, kemikali ya kukaza, inamwagwa kwenye mishipa na mishipa inakaza.

Kwa hio presha haikai kama maji kwenye mtungi. Inapimwa na ubongo saa zote na kusukumwa huku na kule. Ukiongea inapanda, kibofu kikijaa inapanda, ukiona koti jeupe adrenalini inapanda na namba inafuata, usingizini inashuka. Mashine inapiga picha moja tu ya hio safari. Ukitaka kujua mtu anaishi vipi huangalii picha moja alioshtuliwa.

Na hii mashine haisikilizi kama daktari na kile kifaa chake cha masikioni. Inahisi mtetemo wa upepo ndani ya mkanda wakati mshipa unagonga, alaf inapiga hesabu yake. Ndio maana ukitikisa mkono inachanganyikiwa. (Mkanda wenyewe wa kujaza upepo ulitengenezwa na Mtaliano, Riva-Rocci, 1896, wale Waitaliano wa Malindi wakijua watatuomba kodi. Kusikiliza sauti kwenye mshipa kukaletwa na Mrusi Korotkoff 1905.)

Swali ambalo mama ameniuliza na sikua na jibu la haraka: kama ubongo una breki nzuri namna hio, mbona yeye presha imekaa juu miaka yote? Nikamwambia mama, punda. Mgeni akishuka botini leo anashika pua kwa harufu ya punda. Wewe umezaliwa hapa, unaisikia? Akasema harufu gani. Nikamwambia na vile vihisi ndio hivyo hivyo, presha ikikaa juu siku kadhaa vinaizoea, vinaihesabu ndio ya kawaida, na kazi vinaendelea kufanya lakini kwa kulinda ile ya juu. Vinakua askari wa mwizi. Na presha yenyewe haiumi. Watu hapa wakiumwa na kichwa wanasema presha imepanda, wakiwa hawana kichwa wanaacha dawa, na mtu anaweza kutembea na 180 anapiga soga barazani hana habari.

Sasa nije kwenye kitu kilichonifanya niipende hii mashine pamoja na kero zake.

Mama alikua na kawaida, alfajiri akiamka kwenda kutawadha anasimama kidogo ameshika zidaka, vile vishimo vya ukutani vya kuwekea vitu. Mi nilidhani anashika tu, nyumba ya zamani, giza. Siku moja nimemsikia, "Ndoo mwanangu, kitwa chazunguka," yaani njoo, kichwa kinazunguka. Nimemkuta vidole viko ndani ya kidaka kati ya chupa ya marashi na msahafu, macho amefunga. Sote nyumbani tukasema presha imepanda, shangazi akasema aongezewe kidonge. Nikasema ngoja tupime kwanza. Nikamlaza tena dakika tano nikapima amelala, 148 kwa 84. Akasimama nimemshika, dakika moja nikapima, 119 kwa 71. Dakika ya tatu, 122 kwa 72.

Haikupanda. Ilianguka.

Kanuni yenyewe ni kua mtu akisimama, ndani ya dakika tatu ile namba ya kwanza, ya juu, ikishuka 20 au zaidi, au ya pili, ya chini, ikishuka 10 au zaidi, hio ina jina lake kabisa kwa madaktari na ni tatizo. Mtu yeyote akisimama damu kama nusu lita au zaidi inateremka miguuni na tumboni, sote, hata watoto wa shule. Lakini kwa kijana vihisi vya shingoni vinapiga habari papo hapo, noradrenalini inamwagwa, mishipa ya miguu inakaza, hajui hata kama kuna kitu kimetokea. Angalieni mashindano ya jahazi. Upepo ukipiga wale vijana wanaruka kukalia ule ubao wa nje upande wa upepo, chombo kinasimama, wewe ufukweni unaona kimesimama tu hujui kazi iliofanyika. Mamangu mabaharia wake ni wazee. Wanatoka, lakini wanatoka wakiuliza kuna nini, na mpaka wafike ubaoni kitwa chashazunguka. Alaf juu yake kuna kidonge cha kulegeza mishipa, na kidonge cha kukojosha kimempunguza maji, na ni alfajiri baada ya usiku mzima bila kunywa kitu.

Nikaandika zile namba kwenye daftari, siku saba, asubuhi na jioni, amelala na amesimama, nikampelekea daktari. Nilitegemea anifukuze. Kwa haki yake, alivuta kiti akasoma daftari lote, akampima mwenyewe amelala na amesimama, akapunguza ile ya kukojosha na akabadilisha saa ya kumeza, akamwambia mama akae ukingo wa kitanda dakika mbili tatu achezeshe miguu kabla ya kusimama, na anywe maji. Kama tungefuata ushauri wa shangazi mama angemeza kidonge cha tatu na leo tungekua tunaongea habari ya nyonga iliovunjika. Hizo ndio hela za mashine zimerudi, mara moja.

Hapo niseme na jambo la kumeza dawa kwa hofu kwa sababu naliona sana mtaani. Mtu anapima, anaona 185, anaogopa, anameza mbili tatu kwa pamoja ishuke upesi. Usifanye. Mishipa ya ndani ya ubongo ina akili yake, presha ikipanda inajibana, ikishuka inajifungua, kalsiamu ikiingia kwenye misuli ya mshipa inakaza, naitriki oksaidi ikitolewa na ukuta wa ndani inalegea, ili damu inayofika kwa ubongo ibaki kiasi kile kile. Na ubongo hauna subira, ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini unakula kama asilimia 20 ya oksijeni yote. Kwa mtu aliekaa na presha miaka, hio mishipa nayo imeshazoea juu, mpaka wake wa chini umepanda. Ukimshusha ghafla mpaka 120 ambayo kwako ni nzuri, kwake ubongo unaweza kukosa damu, anapata kiharusi cha kushushwa. Kuna kidonge cha nifedipini zamani walikua wanakipasua chini ya ulimi ili presha iporomoke haraka, kikaja kukatazwa matumizi hayo kwa sababu hii hii. Namba kubwa lakini hujisikii vibaya, tulia dakika tano upime tena, na kama bado umuone daktari. Namba kubwa na mdomo umepinda au mkono umekufa ganzi au kifua kinabana, hapo hakuna kupima tena, ni boti na hospitali.

Na kuna dawa zinafanya kazi huko huko ubongoni. Dada yangu alipokua mjamzito alipewa methildopa, ile wanayopewa wajawazito wengi. Inaingia ubongoni inageuzwa kua kitu kinachofanana na noradrenalini, kinashika pale pale pa kutulizia, kelele ya kukaza mishipa inapungua. Alilala yule! Anakaa kula, uma mkononi, macho yanafunga, kwa sababu kemikali hizo hizo ndizo zinazomweka mtu macho.

Mashine ikikaa nyumbani basi kila mtu anataka mkono. Mi mwenyewe nilijipima kabla na baada ya kahawa, ile chungu ya tangawizi, vikombe viwili vya barazani: 124 ikawa 133. Kafeini inakaa mahali pa adenosini, na adenosini ndio inayotuliza na kufungua mishipa ya kichwani. Sasa nimejua kwanini siku mbili za kwanza za Ramadhani Lamu nzima inaumwa na kichwa ikifika alasiri, na watu wanasema ni njaa. Kwa wengi ni kahawa. Mishipa imezoea kubanwa, kahawa imekatwa, imefunguka. Kiu nayo ina kemikali yake, damu ikipungua maji kipande cha ubongo kinaitwa hipothalamasi kinaachia vasopresini, figo zinazuia mkojo na mishipa inakazwa kidogo, ndio mwili wa mfungaji unavyojikaza mpaka magharibi.

Shemeji yangu alikuja saa kumi jioni, shavu limejaa kama mtu ana jino bovu. 157 kwa 99. Akasema mashine mbovu. Nikampima mkono wa pili, 154. Akasema mikono yake yote ni tofauti na ya watu. Miraa ina kathinoni, inazikamua neva zimwage dopamini na noradrenalini, ile dopamini ndio unaona anaongea habari ya biashara ya meli, na ile noradrenalini ndio hio 157. Nilimwambia arudi asubuhi bila mzigo. Hajarudi mpaka leo.

Haya, kero.

Kijitabu cha maelezo ni kiingereza na kichina, herufi kama sisimizi, hakuna neno moja la kiswahili na hii kitu inauzwa pwani nzima. Memori inachanganya watu, ukishapima mama na shemeji na jirani, wastani inayokupa ni ya kijiji, kwa hio daftari na kalamu havikwepeki. Chaja hakuna, betri tu. Na hewa ya bahari imeshaanza kazi, mwezi wa tatu mashine ikagoma, nikafungua nikakuta kutu ya kijani kwenye vyuma vya betri, nikasugua na kitambaa cha ndimu ikawaka, sasa nazitoa betri kila nikimaliza. Waranti nilipouliza dukani nilichekewa, kwa mapenzi, lakini nilichekewa.

Kero kubwa ni mkanda. Uliokuja ndani ya boksi umeandikwa sentimita 22 mpaka 32 na nani anasoma hayo. Mama ni mama wa kipwani, alhamdulillahi, mkono umejaa. Wiki ya tatu nikaenda kwa fundi cherehani nikaazima utepe, sentimita 35. Mkanda mdogo kwenye mkono mkubwa unakuongezea namba, lazima ujikaze zaidi ndio uubane mshipa, kwa hio hata zile 151 zangu nilizokua najivunia hazikua safi. (Kushuka kwake akisimama kulikua kweli kwa sababu mkanda ni ule ule amelala na amesimama, nilimuuliza daktari hilo kabla hajaniuliza yeye.) Muuzaji aliuona mkono wa mama, maana alikuwepo dukani, na hakusema neno.

Mkanda mkubwa nimeagiza Mombasa, mia tisa, umekuja na basi mpaka Mokowe alaf boti, siku nne. Tangu tuubadilishe asubuhi mama anacheza 136 mpaka 142, akisimama inashuka kama kumi tu, na kidaka kimebaki na marashi na msahafu. Sauti ameniambia niiwashe tena, anasema nyumba ilikua kimya. Ila sasa anangoja imalize kupima ndio anaijibu.

Kama unakwenda kununua, chukua utepe wa fundi upime mkono nyumbani kwanza, na umuulize muuzaji mkanda mkubwa anao au hana kabla hujatoa pesa mfukoni.